Deraya ya Kuigiza Ikiingia Uwanjani

Mwaka 1976, katika karakana moja ya Twickenham, magharibi mwa London, plastiki ililainishwa kwa joto, ikafyonzwa juu ya kalibu, na humo zikatoka deraya za wale askari weupe wa filamu ya Star Wars. Yalikuwa mabamba membamba yaliyofungwa mwilini kwa mikanda na lastiki, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupendeza mbele ya kamera hadi upigaji filamu uishe. Ukiitazama filamu hiyo kwa makini utamwona askari mmoja akijigonga kichwa mlangoni. Helmeti aliyovaa ilimziba macho kuliko ilivyomsaidia kuona.

Leo mafundi wa kujitolea katika nchi nyingi hutengeneza deraya za mfano huo, pamoja na za wahusika wa michezo ya kompyuta kama Halo, za samurai, na za wanajeshi wa Roma ya kale. Wengi huzivaa kwenye maonyesho na shughuli za hisani, wakazirudisha sandukuni. Lakini wapo wanaotaka kuziingiza kwenye easofti, ule mchezo wa vita vya kuigiza ambamo timu hufyatuliana gololi za plastiki za milimita 6 kwa bunduki za mfano. Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Vazi lililobuniwa litazamwe sasa linatakiwa kukimbia, kupiga magoti, kuanguka, kulowa jasho na kupigwa, na wiki inayofuata lifanye yote hayo tena. Na aliye ndani yake anatakiwa arudi nyumbani na macho yake mawili na meno yake yote.

Nina msimamo katika jambo hili na sitauficha. Deraya nyingi za kuigiza hufa uwanjani kwa sababu zimeimarishwa mahali pasipohitaji nguvu, zikaachwa dhaifu mahali zinapovunjikia. Na wavaaji wake huumia kwa sababu wanaiamini deraya kuwa ni kinga, ilhali ni vazi. Anayeyatenganisha mambo haya mawili tangu mwanzo atatengeneza kitu cha kudumu.

Tuanze na gololi yenyewe. Easofti ilizaliwa Japani katika miaka ya 1970 na 1980, nchi ambayo raia wa kawaida hawezi kumiliki bunduki ya kweli kirahisi, na wapenzi wa silaha wakatosheka na za mfano. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki ya umeme inayoendeshwa na betri, kwa sura ya bunduki ya kijeshi ya FAMAS ya Ufaransa, na mchezo ukapata mbio mpya. Mwaka 2006 Japani ilirekebisha sheria yake ya silaha na kuwekea bunduki za gololi za milimita 6 ukomo wa nguvu ulio chini kidogo ya jouli 1. Uingereza, kwa sheria ya 2017, iliweka jouli 1.3 kwa bunduki zinazofyatua mfululizo na jouli 2.5 kwa zile za risasi mojamoja. Marekani haina ukomo wa kitaifa wa namna hiyo. Kila uwanja hupanga wake.

Jouli 1 ni nini? Gololi ya gramu 0.20 inayokwenda mita 100 kwa sekunde inabeba jouli 1 kamili. Juu ya bamba la plastiki lenye unene wa milimita 2, hilo ni pigo dogo linalotoa mlio na kuacha alama kwenye rangi. Sasa mfikirie mchezaji wa kilo 75 anayejirusha chini nyuma ya gogo. Mwili wake ukishuka nusu mita tu, unafika ardhini na zaidi ya jouli 360. Nguvu hiyo yote inapita kwenye bamba la goti, ukingo wa kifua, na kile kifungo kimoja kilichobandikwa kwa gundi usiku wa kuamkia mchezo. Kwa hiyo adui mkubwa wa deraya ni mwili wa anayeivaa. Fundi anayeongeza unene wa mabamba kwa kuogopa gololi anaongeza uzito, uzito unaongeza nguvu ya kila anguko, na maungio yale yale dhaifu yanabebeshwa mzigo mkubwa zaidi.

Hesabu hiyo hiyo ya jouli 1 inabadilika kabisa ikifika kwenye jicho. Kiasi ambacho bamba halikitambui kinatosha kusababisha damu kuvuja ndani ya jicho, kuchana retina, au kuleta mtoto wa jicho kwa kijana ambaye hakustahili kuujua ugonjwa huo kwa miaka mingi ijayo. Nitalirudia hilo kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalostahili nafasi kubwa kuliko yote. Kwanza tuangalie mabamba yanatengenezwa kwa nini.

Foamu ya EVA ndiyo mlango wa wengi, na ni mlango mzuri. Ni ile ile inayokatwa soli za ndala, kwa hiyo tabia zake tunazijua tayari: nyepesi, hainyonyi maji, hukanyagwa maelfu ya mara na kurudi umbo lake. Ikipashwa hewa moto hulainika, hukubali mviringo, na ngozi yake ya juu hujifunga ikawa laini. Ukianguka nayo haikuchani. Udhaifu wake uko juu, kwenye rangi. Foamu hupinda na rangi ya kawaida haipindi, hivyo baada ya mchezo mmoja kiwiko kinaonekana kama kimepata ukurutu. Dawa ni kupaka kwanza tabaka la mpira wa maji au gundi nyeupe inayobaki na unyumbufu, kisha rangi ya akriliki kwa tabaka nyembamba, tena ukiacha mikunjo mikubwa ipakwe kidogo kadiri inavyowezekana. Foamu pia hukatika kwenye kingo zikisuguana na mawe, na haipendi miiba.

ABS, plastiki ya deraya nyingi za askari weupe wa leo, ina chembechembe za mpira ndani yake zinazozuia ufa usisafiri. Ndiyo maana inapinda kabla ya kuvunjika, na mahali ilipopindwa kupita kiasi panageuka peupe zaidi, kama onyo. Jua huila chembechembe hizo polepole. Bamba lililoachwa dirishani miaka michache huwa la manjano na hupasuka kwa pigo ambalo zamani lingelivumilia. Nduguye wa bei nafuu, polistirini, hufanana nayo kwa macho lakini hana subira hiyo. Anayenunua mabamba yaliyokwisha tengenezwa aulize ni plastiki gani hasa, maana picha haziwezi kumwambia.

Faiba na rezini zina heshima kubwa kwa watengenezaji wa helmeti kwa sababu hutoa sura kali na nyuso zilizonyooka. Uwanjani mimi naziogopa. Faiba ikishindwa haipindi, inachanika, na ukingo wake mpya una nyuzi za kioo zinazoingia kwenye ngozi. Kama ni lazima itumike, basi iwe sehemu isiyokunjika, upande wa ndani uvikwe kitambaa au foamu yote, na kila ukingo ufunikwe kwa utepe wa mpira. Vumbi lake wakati wa kupiga msasa halivutwi hata kidogo. Barakoa yenye vichujio ni sharti, na rezini ya polista ikorogwe mahali penye hewa.

Kisha kuna printa ya 3D, iliyowafungulia wengi mlango ambao zamani ulihitaji kalibu na mashine kubwa. Tatizo ni PLA, plastiki inayopendwa kwa urahisi wake. Hulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, joto ambalo gari lililofungwa juani linaweza kulifikia kwenye dashibodi. Helmeti ya saa 90 za uchapaji inaweza kupinda shavu kabla mchezo haujaanza. Tena kitu kilichochapwa kwa tabaka hupasuka kufuata tabaka, na pasuko lake lina makali. PETG hustahimili hadi nyuzi 80 hivi na hukubali kupinda kidogo zaidi. Ningechapa kwa PETG, ningelaza sehemu kwenye printa ili tabaka zisifuate mwelekeo wa pigo, na ningeweka foamu kati ya plastiki hiyo na mwili.

Iko plastiki moja isiyo na umaarufu kwenye maonyesho lakini yenye rekodi bora ya mapigo. Wanachama wa Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966 na ambacho watu wake hupigana kwa fimbo nzito za henzirani, wamekuwa wakikata mapipa ya buluu ya HDPE na kuyageuza deraya. Ni mapipa yale yale tunayohifadhia maji. Pigo la fimbo ile lina nguvu mara nyingi kuliko gololi yoyote, na HDPE hulipokea kwa kubonyea na kurudi. Lakini hakuna gundi ya kawaida inayoishika, na rangi hubanduka kama maganda. Anayeitumia anapaswa kukubali kwamba kila kitu kitaungwa kwa ribiti, skrubu na kamba, na kwamba rangi itafichwa chini ya kitambaa au itapakwa upya kila mara. Kwa goti, kiwiko na bega, mimi ningeichagua nikaifunika kwa foamu yenye sura inayotakiwa. Macho ya watazamaji yataona foamu, na ardhi itakutana na HDPE.

Hadi hapo tumezungumza juu ya mabamba, na nimesema mabamba si tatizo. Tatizo ni maungio.

Ushahidi wa hilo ni wa kale sana. Mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza karibu na Ukuta wa Hadrian, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sanduku lenye vipande vya deraya ya Kirumi ile ya vibamba vya chuma vilivyopangwa kuzunguka kiwiliwili. Ugunduzi huo uliwawezesha wataalamu kuelewa jinsi deraya hiyo ilivyoungwa: mikanda ya ngozi ndani, bawaba na vifungo vya shaba nje. Na katika kambi nyingi za Kirumi, vitu vinavyookotwa kwa wingi kutoka kwenye deraya hizo ni bawaba, vishikizo na vifungo hivyo, vingi vikiwa vimevunjika au kupotea. Jeshi lililokuwa na viwanda na wahunzi wa kudumu lilisumbuliwa na jambo lile lile linalomsumbua kijana mwenye foamu sebuleni kwake. Toleo la baadaye, linaloitwa la Newstead, lilirahisisha maungio: bawaba zikapungua, pete na ndoano zikachukua nafasi.

Japani, nchi iliyotupa easofti, ilikwisha jibu swali hilo kwa njia nyingine karne nyingi kabla. Deraya ya samurai ilikuwa vibamba vidogo vilivyopakwa vanishi na kufumwa pamoja kwa kamba za hariri, safu juu ya safu. Hakuna bamba moja linalobeba mwendo wa mwili. Mwendo uko kwenye kamba. Kamba ikikatika, inabadilishwa kamba. Naona hapa funzo la kiufundi lenye thamani kuliko kitabu kizima cha gundi: fanya muungo uwe kitu laini, uwe mrefu kidogo kuliko unavyodhani unahitaji, na uwe rahisi kubadilishwa.

Katika karakana ya leo hiyo inamaanisha nini? Kwanza, bamba lisining'inizwe kwenye bamba jingine. Deraya nyingi za kuigiza hufungwa bega kwenye kifua, mkono kwenye bega, paja kwenye mkanda wa plastiki, na mchezaji akiinua mkono mnyororo mzima unavutana hadi palipo dhaifu. Afadhali kuwe na fulana imara au koti jepesi la ndani lenye mikanda ya nailoni iliyoshonwa, na kila bamba lifungwe hapo kivyake. Mwili unavuta nguo, nguo inapokea mvuto, bamba linaelea.

Pili, tundu. Ribiti iliyopigwa moja kwa moja kwenye plastiki hugeuza tundu kuwa mwanzo wa ufa. Washa pana ndani na nje husambaza mvuto. Tundu litobolewe kwa drili yenye ncha kali na kulainishwa mdomo, lisichomwe kwa msumari wa moto, na likae mbali na ukingo. Kona za ndani zikatwe kwa mviringo, maana ufa hupenda kona kali. Na ufa ukishaanza, kuna hila ya mafundi wa mabati na wa ndege inayofaa hapa pia: toboa tundu dogo kwenye ncha yake hasa, kisha bandika kiraka kwa nyuma. Ncha kali imekuwa duara, na ufa hauna tena pa kuanzia.

Tatu, gundi. Supa gluu hukauka ngumu kama kioo na huachia kwa ghafla pale bamba linapopinda. Kazi yake ni kushikilia kitu huku fundi akiendelea. Foamu huungwa kwa gundi ya viatu, ikipakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kabla ya kugandamizwa. ABS huungwa vizuri kwa vipande vyake yenyewe vilivyoyeyushwa kwenye asetoni, huku nyuma ya muungo ukipitishwa ukanda wa plastiki ile ile. Mivuke ya vitu hivi hulevya, huumiza kichwa na kushika moto, kwa hiyo madirisha yafunguliwe na jiko liwe mbali. Muungo wowote unaobeba uzito usitegemee gundi peke yake.

Sasa macho.

Helmeti ya kuigiza ina vioo vya rangi, na vioo hivyo mara nyingi ni akriliki iliyokatwa kwa mkono, au karatasi nyembamba ya plastiki ya kijani. Akriliki ikipigwa kwa nguvu inayotosha hupasuka vipande vyenye makali, na vipande hivyo vinaelekea jichoni. Kioo cha namna hiyo kichukuliwe kuwa pambo, hata kama kinaonekana kinene. Wapo wanaokata polikaboneti wenyewe, plastiki ambayo kwa kweli ni ngumu mno kuvunjika, na wanadhani wamemaliza. Lakini polikaboneti huharibiwa na asetoni, na baadhi ya gundi, na rangi za kupuliza, na sabuni zenye amonia. Nyufa ndogo zisizoonekana hujitengeneza na uimara wake hupotea kimyakimya. Tena uimara wa miwani ni wa kioo pamoja na fremu pamoja na jinsi inavyokaa usoni. Kioo kisichovunjika ambacho hutoka kwenye tundu lake na kuruka ndani ni hatari ile ile.

Kwa hiyo kanuni yangu haina ubaguzi: chini ya helmeti ivaliwe miwani ya kinga kamili, ile inayoziba pande zote za macho, iliyopimwa na kuwekwa alama. Helmeti ijengwe kuizunguka. Na hapa namba zina maana. Kiwango cha Ulaya cha EN 166 kina ngazi zinazopimwa kwa kufyatulia kioo gololi ya chuma ya milimita 6 yenye gramu 0.86. Ngazi ya F ni mwendo wa mita 45 kwa sekunde, yaani karibu jouli 0.87. Ngazi ya B ni mita 120 kwa sekunde, zaidi ya jouli 6. Linganisha na jouli 1.3 na 2.5 zinazoruhusiwa Uingereza, na utaona mara moja kwamba miwani yenye herufi F, inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, haikupimwa kwa nguvu ya mchezo huu. Tafuta B, tena kwenye kioo na kwenye fremu. Kiwango cha Marekani, Z87.1, hutofautisha pia: miwani ya kawaida hupimwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6.35 kwa mita 46 hivi kwa sekunde, na miwani ya kuziba kwa mita 76 hivi kwa sekunde, karibu jouli 3. Alama ya kutafuta ni Z87 yenye alama ya kujumlisha mwishoni. Kipo pia kiwango cha ASTM F2879, kilichoandikwa kwa ajili ya easofti hasa.

Miwani ya wavu wa chuma inapendwa kwa sababu haipati ukungu. Inazuia gololi nzima, lakini gololi huweza kuvunjika ikigonga kitu kigumu, na vumbi lake na vipande hupita kwenye matundu. Wavu ni mzuri kwa mdomo na mashavu, ambako kazi yake ni kuokoa meno. Kwa macho mimi sikubaliani nao.

Kuna sababu nyingine ya kutaka miwani iliyozibwa ndani ya helmeti: gololi huingia. Chini ya kidevu, pembeni mwa shingo, kwenye matundu ya hewa yaliyochongwa kwa ajili ya sura, gololi hupata njia, na ikishaingia hudunda ndani ya plastiki ngumu mara kadhaa kabla ya kutulia. Matundu hayo yafunikwe kwa wavu mwembamba wa chuma kwa ndani. Shingo ivikwe skafu nene au kola ya foamu.

Ukungu nao unahesabiwa kuwa suala la usalama, si la starehe. Pumzi ya mtu anayekimbia hujaza helmeti mvuke, kioo kinafifia, na mchezaji aliyepofuka katikati ya mapigano ana kishawishi kimoja kikubwa: kuinua helmeti na kufuta. Jicho linaloumia siku hiyo litakuwa limeumizwa na ukungu. Miwani yenye kioo cha tabaka mbili, feni ndogo za betri zinazotoa hewa nje badala ya kuipuliza usoni, na kizuizi cha foamu kati ya pua na mdomo ili pumzi ishuke chini, vyote vitatu hufanya kazi vizuri vikiwa pamoja. Sehemu ya mdomo ya helmeti ikiwa wavu uliopakwa rangi nyeusi badala ya plastiki iliyochorwa, hali inabadilika sana na mtazamaji wa mbali hatagundua.

Kuhusu kichwa kwa ujumla, niseme wazi kwamba helmeti ya kuigiza haina kipimo chochote cha kukinga fuvu. Mtu atakayepanda juu ya kontena au kukimbia kwenye jengo bovu anaweza kuweka ndani yake mfumo wa mikanda na povu kutoka kwenye helmeti halisi ya michezo. Hilo huifanya ikae vizuri na isizunguke, lakini gamba la nje halipati cheti kwa kufanya hivyo. Na ukingo wa nyuma wa helmeti uangaliwe kwa makini: mvaaji akilala kifudifudi na kuinua uso, ukingo huo unasukuma shingo kwa nyuma huku ukingo wa juu wa bamba la kifua ukipanda kooni. Kata sehemu hizo mbili zaidi ya mchoro unavyoruhusu. Picha itapoteza sentimita mbili; koo litapata nafasi.

Joto linaua wachezaji furaha na linaweza kuua zaidi ya hiyo. Foamu yenye vyumba vilivyofungwa haipitishi hewa wala jasho, na anayezungukwa nayo kifua, mgongo na mapaja amevaa sufuria. Acha kwapa na nyuma ya magoti wazi, inua mabamba kidogo kutoka mwilini kwa vipande vya sponji ili hewa ipite, tafuta njia ya kunywa maji kwa mrija bila kuvua helmeti, na pumzika eneo salama kabla ya kiu kukulazimisha.

Easofti ina tabia inayoitofautisha na mchezo wa kufyatuliana vidonge vya rangi: gololi haiachi doa. Aliyepigwa ndiye anayepaza sauti, anainua mkono na kutoka. Mchezo wote umesimama juu ya uaminifu huo. Deraya nene ya foamu humeza pigo bila mlio na bila maumivu, na mvaaji akaendelea kucheza kwa nia njema huku wapinzani wakimwona mwizi. Jambo hili linavunja urafiki uwanjani haraka kuliko jingine lolote, na linaweza kuzuiwa kwenye usanifu. Gamba jembamba gumu juu ya foamu hutoa mlio unaosikika. Mgongo, ambako mtu haoni, ndiko kunakohitaji gamba hilo zaidi. Waandaaji wengine huwapa wenye deraya kanuni yao maalumu, kwa mfano kuhesabu mapigo kadhaa. Iwe imetangazwa kwa wote kabla ya mchezo, na mwamuzi awe ameishika deraya kwa mkono wake.

Na nje ya uwanja? Tarehe 4 Mei 2020, katika mji wa Lethbridge nchini Kanada, polisi walimlaza chini mfanyakazi wa mgahawa aliyekuwa amevaa deraya nyeupe ya Star Wars na kushika bunduki ya plastiki ili kuvutia wateja. Bunduki za easofti hufanana na za kweli kuliko ile. Zisafirishwe kwenye begi lililofungwa, na deraya ivaliwe baada ya kufika.

Kabla ya siku ya mchezo, majaribio mawili hayakwepeki. La kwanza ni la miwani: ivishe helmeti pamoja na miwani juu ya gunia la mchanga, ifyatulie kutoka umbali mfupi kabisa unaoruhusiwa kwa bunduki kali kabisa inayoruhusiwa, ukiwa na miwani yako mwenyewe usoni, kisha tazama nyufa, tazama fremu, tafuta gololi zilizoingia. Kioo kilichotumika kwa jaribio hilo hakirudi usoni. Nunua kingine cha aina hiyo hiyo.

La pili linachukua saa moja uani. Vaa deraya yote. Piga magoti, lala, tambaa, viringika upande mmoja, panda ngazi, geuza kichwa kwa haraka, fyatua ukiwa umechutama. Kila kinachokwaruza sasa kitakata baada ya saa tatu, na kila kinacholia kwa kuvutwa kitachomoka. Kisha keti chini ujifanye umezirai, na mwombe mtu asiyeijua deraya hiyo akuvue helmeti na bamba la kifua. Anapaswa kuviona vifungo bila kuelekezwa na kumaliza ndani ya nusu dakika, au walau aone mkanda wa kukata kwa mkasi. Akishindwa, deraya haijawa tayari, na pa kurekebisha ni kwenye mikanda.